Mwaka Nilipolisoma Jina la Mama Stefano

Nilipaswa kusema hapana. Mwinjilisti Zakaria alinipa muda wa kutosha wa kulisema neno hilo. Alikaa mbele yangu kwenye benchi la udongo la kanisa, akanywa maji ya kibuyu taratibu, akangoja. Alitaka niende kwenye shamba la mzee Luhende siku litakapolimwa, niandike majina ya Wakristo watakaoshika jembe pamoja na watu wa ngoma, jambo ambalo wazee wa kanisa walikuwa wamelikataza, kisha niyasome majina hayo Jumapili mbele ya waumini wote. Alisema mwandiko wangu unasomeka na sauti yangu inafika hadi mlangoni. Nilikuwa na miaka ishirini, nimetoka sekondari kule Tabora mwaka huohuo, nina kalamu ya wino kwenye mfuko wa shati. Nikasema ndiyo. Sikulazimishwa wala sikutishwa. Nilikubali kwa sababu nilifurahi kuombwa.

Naandika haya nikiwa na hasira, na msomaji anivumilie. Mwezi uliopita tulimzika Mama Stefano huko Geita. Nilipanda basi asubuhi na mapema, nikakuta uwanja wa nyumba yake umejaa watu ambao sikuwatarajia: wachimbaji wa dhahabu wenye matope kwenye kucha, Waislamu wenye kofia zao, mama lishe, wazee wa Kisumbwa, vijana waliotoka Mwakitolyo kwa lori la kuazima. Kila aliyepewa nafasi ya kusema alisema jambo lilelile kwa maneno yake, kwamba alifika pale hana kitu na mama huyu akamlisha. Ndipo aliposimama mchungaji kijana. Alitoa pole kwa adabu, akaeleza kwamba kanisa lipo na familia katika msiba, ila halitaweza kuongoza ibada, kwa sababu ameuliza kule alikotoka marehemu, na daftari la zamani linaonyesha alitengwa na hakurudi kundini. Sikuwa na haja ya kuuliza daftari lipi. Niliinuka nikasema mbele ya watu wote kwamba maneno hayo niliyaandika mimi, kwa mkono huu, na kwamba yalikuwa uongo hata siku nilipoyaandika. Stefano, ambaye sasa ana wajukuu na mvi kunizidi, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Mwalimu, keti. Hayo ungeyasema wakati anasikia."

Nikaketi. Mchungaji yule simlaumu sana. Alifuata kilichoandikwa, kama nilivyofanya mimi. Ninayemlaumu ni kijana wa miaka ishirini mwenye kalamu mfukoni, na nikimpata leo nitamchapa.

Nilifika kwa Mama Stefano mwishoni mwa kiangazi, miaka michache baada ya Vita Kuu ya Pili, nilipopewa kazi ya ualimu na ukarani katika kanisa dogo la vijijini, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Tinde. Mwalimu hakuwa na nyumba, hivyo kanisa likaomba mtu wa kunipokea. Mumewe alikuwa chini ya ardhi katika mgodi wa dhahabu huko Geita na alirudi mara moja kwa mwaka. Mama Stefano alihamisha magunia ya karanga kutoka chumba cha nyuma, akakisiliba sakafu kwa kinyesi cha ng'ombe, akaniwekea kitanda cha kamba alichokisuka tena mwenyewe. Chumba kile kilinuka karanga mbichi siku zote nilizokaa. Dirisha lilikuwa tundu la ukubwa wa sahani, likitazama jiko la nje, na kwa tundu hilo nilisikia mengi kuliko niliyofundishwa na walimu wangu wote.

Kila alfajiri alikwenda mtoni. Mto ulikuwa mchanga mtupu miezi ile. Wanawake walichimba shimo, wakasubiri maji yajikusanye, wakayachota kwa kata. Wengi wakishajaza mitungi waliondoka. Yeye alizungushia shimo matawi ya miiba ili ng'ombe wasije wakalichafua, na aliyekuja baadaye akayakuta maji safi. Mtungi wa kwanza aliupeleka kwa Luhende, jirani yetu, kipofu, mtu wa mizimu, mwenye vibanda vidogo vya mababu uani kwake. Mwanawe Luhende naye alikwenda Geita mwanzoni mwa kiangazi, akimwacha mkewe na mimba, lakini yeye hakurudi wala hakutuma salamu. Siku moja nilimsikia jirani mmoja, Mama Yakobo, akimtania pale jikoni. Alimwuliza kwa nini haonekani kwenye maombi ya Jumatano, au siku hizi anasali kwa mzee wa mizimu. Mama Stefano aliendelea kusugua chungu. "Mimi nikishasema asante huku nasugua hiki chungu, Mungu ananiambia nirudie tena Jumatano?" Wote wawili wakacheka. Mimi nilikuwa nimejilaza, nikakunja uso. Nilichukua daftari nikaandika kwamba mwanamke huyu hana mafundisho ya kutosha.

Niliandika hivyo tumbo langu likiwa limejaa chakula chake. Jioni ile tulikula ugali wa mtama na nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, aliyoyapika kwa karanga za kusaga. Asubuhi alinipa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na maziwa ya mgando niende navyo shuleni. Hakupata kuniuliza kama nimeomba kabla ya kula. Aliniuliza kama nimeshiba.

Mvua za kwanza ziliponyesha, ngoma zikaanza. Watu wa mjini leo huenda kutazama ngoma ya bugobogobo kwenye sherehe, vijana wakirusha majembe juu na kuyadaka. Wakati ule ilikuwa kazi. Kikundi cha watu arobaini au hamsini kilijipanga mstari mmoja mwanzoni mwa shamba, ngoma nyuma yao, mwimbishaji pembeni, na majembe yakashuka pamoja. Shamba ambalo mtu na mkewe wangelilima kwa wiki tatu lilikwisha kabla jua halijawa kali. Mwenye shamba alipika, wakala, kesho wakaenda kwa mwingine. Hakuna aliyeulizwa dini yake. Mwimbishaji wetu aliitwa Masanja, mtu mfupi mwenye kifua kama pipa, na ulimi wake haukumwacha mvivu salama: ukichelewa kwenye mstari wako, aliutia wimboni ukoo wako wote mpaka shangazi zako.

Lakini vikundi hivyo vilikuwa na dawa yake, iliyochanjwa mikononi ili ngoma ipendwe na watu, na vikundi pinzani vishindwe. Mwinjilisti Zakaria alikuwa nazo chale hizo kwenye viganja vyote viwili. Alikuwa mwimbishaji hodari kabla ya kuokoka, na nadhani aliogopa kwa dhati. Ngoma ikilia mbali, nilimwona akishika mikono yake kama mtu mwenye baridi. Mwaka ule aliwashawishi wazee wa kanisa wapitishe amri kwamba Mkristo asilime tena na watu wa ngoma. Atakayelima atatengwa na Meza ya Bwana, na waumini hawatakula nyumbani kwake mpaka atubu. Mmisionari alikuwa mbali na alikuja mara moja kwa miezi mitatu. Hakuna aliyepinga. Mimi niliandika amri ile vizuri sana, nikapiga mstari chini ya kichwa cha habari kwa rula.

Badala ya ngoma, Wakristo tungelima wenyewe kwa wenyewe kila Jumamosi, kwa nyimbo za kanisani. Nami nikateuliwa kuimbisha, kwa kuwa nilijua kusoma noti. Nilisimama mwisho wa shamba nimevaa kaptula nyeupe, viatu na soksi, kitabu mkononi. Tulikuwa watu kumi na moja. Tatizo likajitokeza kwenye ubeti wa kwanza: zile tenzi za Kizungu zina pumziko mahali ambapo jembe liko hewani. Waliofuata wimbo walisimama majembe juu, waliofuata kazi wakashusha, na Mama Yakobo akakaribia kumkata kisigino mzee wa kanisa. Tukajaribu utenzi mwingine, ukawa wa polepole kiasi kwamba watu walianza kusinzia wima. Kufika adhuhuri tulikuwa tumelima eneo la kutosha kuanikia mihogo tu. Watu wa Masanja walipita njiani wakitoka kumaliza shamba kubwa, wakasimama kutazama. Masanja alinisalimu kwa heshima zote, kisha akasema, "Karani, hamisha miguu. Hivyo viatu vitaota mizizi." Mama Stefano, aliyekuwa kwenye mstari wetu siku hiyo kwa utii, alicheka mpaka akakaa chini. Sikumsamehe kicheko kile. Nasema kweli kabisa: sehemu ya yaliyofuata ilitoka hapo.

Siku ya shamba la Luhende ilikuja kabla ya Krismasi. Mvua zilikuwa zimekatika na kurudi, na kila mtu alijua kwamba mtama usiopandwa wiki ile hautavunwa. Kipofu hakuwa na mtu isipokuwa mkwewe aliyejifungua siku tano kabla. Watu wa ngoma walikubali kumlimia bila chakula, jambo ambalo halikuwa kawaida, na Mama Stefano ndiye aliyewaomba, kwa sharti kwamba atakuwa mstarini pamoja nao. Mwinjilisti akapata habari, na ndipo aliponiita kanisani.

Nilisimama kwenye njia ya ng'ombe nikiwa na daftari. Ngoma zilisikika tangu mbali. Udongo mweusi ulikuwa umefunguka kwa mistari iliyonyooka, ukitoa mvuke, na Luhende alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni, uso ameuelekeza kwenye kelele, machozi yakimtoka bila yeye kuyapangusa. Niliona Wakristo watano. Wanne waliponiona walijificha nyuma ya wenzao. Mmoja alifunika uso kwa kanga kana kwamba sitaujua mgongo wake. Mama Stefano alikuwa katikati ya mstari, amejifunga mtoto wake wa mwisho mgongoni, jasho likimtiririka kwenye pua. Aliniona, akanyoosha kiuno.

"Mwalimu, ukimaliza kuandika, chukua lile jembe la Masanja," alisema. "Huku mwisho kuna mstari hauna mtu."

Hakusema kwa kejeli. Mstari ulikuwepo kweli, ulikuwa wazi, na jembe lilikuwa limelala pale chini. Nimekuwa nikiuona mstari ule maisha yangu yote. Nilisema nina kazi ya Mungu. Masanja aliitia kauli hiyo kwenye wimbo papo hapo, na watu hamsini wakaiitikia huku majembe yakishuka: karani ana kazi ya Mungu. Niliandika majina matano. Jina la mwenyeji wangu niliandika la kwanza, ili isije ikasemwa kwamba nampendelea.

Jumapili niliyasoma. Wanne walikuja mbele, wakapiga magoti, wakatubu, na nadhani watatu kati yao walikuwa wakifikiria mashamba yao. Mama Stefano alibaki amesimama mahali pake upande wa wanawake. Mwinjilisti alimwuliza kama anatubu. Alijibu kwamba kuna mambo mengi ya kutubu na angeweza kuanza kuyataja, maana ulimi wake ni mkali na moyo wake una kinyongo, lakini kwa lile shamba hajui aanzie wapi. "Nimwambie Mungu anisamehe kwa kumlimia kipofu?" Kuna mtu aliguna nyuma. Mwinjilisti aliniangalia mimi, kama mwenye elimu, nimsaidie. Nami nikafungua mdomo. Nilisema kwamba utii ni bora kuliko jembe, na kwamba anayemheshimu Mungu humheshimu kwanza mahali pa ibada. Hakuna mtu aliyenituma kusema hayo. Niliyatunga hapohapo, na nikaona yamependeza.

Aliondoka na watoto wake watatu. Nilipofika nyumbani mchana alikuwa ameshapika. Alikuwa amechinja jogoo, kwa sababu ilikuwa Jumapili na kila Jumapili ya mwisho wa mwezi alichinja. Ameweka sahani yangu ya bati mahali pake, firigisi juu, kama ilivyo heshima ya mwanamume wa nyumba. Nilisimama mlangoni nikamweleza kwamba kwa amri ya wazee siwezi tena kula kwake wala kulala kwake. Stefano, mwenye miaka kumi, aliacha kutafuna. Mama yake alifunika sahani kwa ungo.

"Nimekusikia kanisani," alisema. "Sasa nikuulize na mimi. Nani alikufundisha kwamba Mungu anaheshimiwa kwa kuacha chakula cha mtu kipoe?"

Nilisema shikamoo, neno la kijinga kuliko yote ambayo ningeweza kuchagua, na akajibu marahaba. Nilibeba sanduku langu mpaka kwenye chumba cha nyuma ya kanisa, ambamo palikuwa na popo. Siku hiyo nilishinda na njaa, nikaiita mfungo, na jioni nikaandika kwenye daftari la kanisa kwamba ametengwa na hakurudi kundini.

Ningeweza kurudi. Hili ndilo linalonikasirisha zaidi sasa, kwamba mlango haukufungwa. Miezi mitatu nilipita mbele ya ua wake nikienda shuleni, na mara mbili nilikuta kifurushi cha michembe juu ya kisiki pale njiani, kimefungwa kwenye jani. Mara zote mbili nilikiacha kilipo. Mtama wa Luhende uliota, ukarefuka, ukapita kifua cha mtu.

Mwezi wa tatu mumewe aliletwa. Lori la mgodi lilimfikisha Shinyanga mjini, na kutoka pale walimbeba kwa mkokoteni wa ng'ombe. Vumbi la mawe lilikuwa limemmaliza kifua. Alikohoa kikohozi kikavu kilichosikika mpaka darasani kwangu. Alikuwa Mkristo asiye na doa, ametoa sadaka kwa miaka yote akiwa kule mgodini, na watu walidhani mambo yangelegea kwa ajili yake. Alikufa kabla ya Pasaka. Mwinjilisti alisema mwili uletwe kanisani, ibada ifanyike pale, mjane akae nje kwa kuwa ametengwa. Mama Stefano alisema mume wake atazikwa kwake, karibu na mlango aliokuwa akiuota akiwa chini ya ardhi.

Asubuhi ya mazishi alikuja mwenyewe mpaka chumba changu cha popo. Alikuwa peku, kichwa amekifunga kaniki. Hakukaa.

"Sikuja kuomba kanisa," alisema. "Nimekuja kwako wewe uliyekula kwangu. Njoo umwombee Baba Stefano maneno mawili tu, nisimfukie kama mbuzi."

Nilimwambia nitamwuliza Mwinjilisti. Nakumbuka alivyonitazama, kama mtu anayetafuta kitu kwenye chombo akakuta kitupu. Akasema, "Haya," akaenda. Sikumwuliza Mwinjilisti. Nilijua angesema nini, na nilijua pia kwamba nikimwuliza huenda akasita, akaniruhusu, na nikibaki bila kuuliza sitalazimika kwenda. Nilikaa kwenye kitanda nikasahihisha madaftari ya hesabu ya watoto. Kaburi lilichimbwa na Masanja na watu wake. Hawakupiga ngoma. Nilikuja kusikia kwamba walisimama kuzunguka shimo hawajui la kufanya, hadi Luhende kipofu, mtu wa mizimu, alipoomba aongozwe mpaka ukingoni, akasema kwa Kisukuma kwamba yeye hajui Mungu wa mtu huyu anaitwaje kwa usahihi, lakini anamshukuru kwa maji ya kila asubuhi. Ndiyo maombi pekee aliyopata yule Mkristo. Mimi nilikuwa mita mia tano, nina elimu ya sekondari, nasahihisha hesabu.

Wakati wa mavuno ya pamba Mama Stefano alihama. Wenzake marehemu kule mgodini walikuwa wamemtumia ujumbe kwamba aje awapikie, maana wengi walikula vibaya. Lori lililopeleka pamba Shinyanga lilimchukua yeye, watoto, vyungu na mbuzi mmoja. Luhende alikuwa amempa magunia mawili ya mtama kutoka shamba lile. Nilisimama mlangoni mwa shule. Stefano alikuwa juu ya magunia, akanipungia mkono kwa mazoea, kisha akakumbuka, akaushusha.

Geita si mbali. Kwa miaka yote iliyofuata kulikuwa na lori, kisha basi, na nauli nilikuwa nayo. Nilifundisha, nikaoa, nikapanda cheo, nikawa mzee wa kanisa, nikahubiri mara nyingi juu ya kumtumikia Mungu, na waliniamini. Mara moja nilimwandikia barua, nikaichana. Mwinjilisti Zakaria alikwenda. Uzeeni alisafiri mpaka kwake, akamwomba msamaha, akala kwake siku tatu, akafa na amani. Mimi nilingoja nipate maneno mazuri, na daftari likabaki kama nilivyoliandika.

Sasa niseme kilichonigharimu, bila kupamba. Nilimpoteza mtu aliyenipenda kama mtoto wake kabla sijafanya lolote la kustahili. Mume wake alizikwa bila maombi yangu, naye pia amezikwa bila maombi ya kanisa, na hayo yote mawili ni kazi yangu. Watoto wake hawanihitaji. Na tangu asubuhi ile niliyosahihisha madaftari sijaweza kuomba nikiwa peke yangu. Mbele ya watu naweza, tena vizuri. Nikiwa peke yangu nafunga macho, nanyamaza, na hakuna kinachokuja.